Siku Sita za Orodha Tupu

Sogeeni karibu, ninyi mnaoshinda mbele ya kompyuta, na ninyi mnaosema kompyuta haziwahusu. Nina habari ya nyumba moja iliyokuwa imetulia, na ya mtu mmoja mwenye akili nyingi aliyeificha akili yake mpaka ikamgeuka. Mkiona anafanana na mtu mnayemjua, au anafanana na ninyi wenyewe, hilo si kosa langu.

Alasiri ya Jumapili ungewakuta wote watatu sebuleni. Dada mkubwa alikuwa kwenye cherehani kando ya dirisha, akishona kola za sare za shule. Mdogo wake wa kiume alikuwa kwenye kochi, miguu juu ya stuli, gazeti usoni. Mke wa huyo mdogo alikuwa akikunja nguo na kumtania wifi yake kwamba miwani ile imekuwa minene mno, siku moja atashona sare ya mtu mwenye mikono mitatu. Dada alikuwa na vali ya chuma moyoni. Alipasuliwa miaka minne nyuma, na sebule ikiwa kimya uliweza kuisikia vali ikigonga, kama saa ya mkononi iliyosahauliwa ndani ya droo. Mke alipoisikia mara ya kwanza aliogopa. Baadaye aliizoea, akawa halali vizuri mchana bila kuisikia.

Mtu mwenye vali ya chuma hunywa dawa ya kuzuia damu isigande, na dawa hiyo haina mzaha. Ikipungua, damu inaganda kwenye chuma. Ikizidi, damu inakuwa nyepesi mno na inaweza kuvuja ndani kwa ndani. Kwa hiyo kila baada ya wiki chache dada alikwenda kliniki kutolewa damu, damu ikapimwa, akapata namba. Namba yake ilitakiwa iwe kati ya mbili na nusu na tatu na nusu. Ikitoka hapo, alipaswa kuambiwa siku hiyohiyo ili dawa irekebishwe.

Sasa huyu mdogo wake. Alikuwa karani wa kumbukumbu katika kliniki hiyohiyo, na wenzake walimwita Profesa. Jina lilianza kama utani, naye akaliamini. Wazazi wao walifariki akiwa darasa la tatu, na dada ndiye aliyemlea, akishona mpaka macho yakafifia ili mdogo wake asome kompyuta. Profesa hakulisahau hilo hata siku moja. Alipopata kazi kliniki, kitu cha kwanza alichotaka kutengeneza ni kitu cha kumlinda dada yake.

Kabla yake namba za damu ziliandikwa kwenye daftari. Kila jioni muuguzi alipitisha kidole mstari kwa mstari, akitafuta waliotoka nje ya kiwango ili awapigie simu. Siku alizochoka, kidole kiliruka mstari. Profesa akalitupa daftari kabatini, akajenga jedwali kwenye kompyuta ya chumba cha muuguzi, na ndani ya jedwali akaweka makro.

Hebu tusimame hapa kidogo, maana asiyelielewa hili hatauelewa msiba. Makro ni maagizo unayoiandikia programu ya jedwali ili ifanye kazi kwa niaba yako. Ziko zinazongoja mtu abonyeze kitufe. Na ziko zinazongoja tukio: faili likifunguliwa, au seli, yaani chumba kimoja cha jedwali, ikibadilika, zinaamka zenyewe bila kuitwa. Ya Profesa ilikuwa ya aina hii ya pili. Namba ikiandikwa tu kwenye safu ya majibu, makro inaamka na kuitazama. Ikiwa namba haifai, inaupaka mstari rangi nyekundu, inalichukua jina na simu ya mgonjwa na kuvipeleka kwenye ukurasa mwingine ulioitwa Wa Kupigiwa Simu Leo. Muuguzi hakuhitaji tena kupitisha kidole. Alifungua ukurasa ule, akainua simu.

Kilikuwa kitu kizuri. Sitaki mtu aondoke hapa akisema kilikuwa kibaya. Kwa miaka miwili watu wengi walipigiwa simu mapema wakapona, na wengine wako hai leo hawajui hata kwamba kuna jedwali duniani.

Lakini makro ya namna hii ina tabia moja. Yenyewe nayo huandika kwenye seli, na kule kuandika kwake nako ni tukio. Isipoangaliwa, itajiamsha yenyewe, ijiamshe tena na tena, mpaka kompyuta ielemewe. Kwa hiyo fundi huiagiza hivi: ukiamka, ziba masikio ya programu kwanza, fanya kazi yako, kisha yazibue. Sasa jiulizeni, je, makro ikijikwaa katikati, imeshaziba na haijazibua? Masikio yanabaki yamezibwa. Hakuna kengele, hakuna moshi. Unaandika namba, namba inakaa vizuri mahali pake, na hakuna kinachoamka. Ndiyo maana fundi mwangalifu huweka njia ya dharura: lolote litakalotokea, masikio yazibuliwe kabla makro haijaacha kazi. Profesa aliijua njia hiyo. Alikuwa ameandika katika kijitabu chake, "weka njia ya dharura," akapiga mistari miwili chini yake. Hakuiweka. Kitu kilikuwa kinafanya kazi, na hakuna mwingine aliyeweza kuona kilichopungua.

Hakuna aliyeweza kuona kwa sababu alikifunga kwa neno la siri. Hapa nitamtetea kidogo. Kabla ya kliniki alifanya kazi kwenye ghala la samani. Huko alimfundisha mwenzake kila alichokijua, kwa moyo mweupe, na baada ya miezi mitatu wakaambiwa kazi ile inatosha mtu mmoja. Mtu huyo hakuwa yeye. Akamwaga unga, akarudi nyumbani kwa dada yake mikono mitupu, akala kiapo kwamba hatafundisha tena mtu. Mtu aliyeumizwa na ukarimu wake mwenyewe ana haki ya kuogopa. Ila huyu aliilisha hofu yake mpaka ikanenepa ikawa kiburi.

Muuguzi wa chumba cha damu alikuwa mwanamke mpole, mdadisi. Aliwahi kumwomba amfundishe japo kidogo, akisema siku asipokuwepo itakuwaje. Profesa alicheka akamwambia yeye ashike sindano, hayo mengine amwachie mwenyewe. Badala ya mafunzo alibandika karatasi ukutani juu ya kompyuta, yenye amri tatu. Andika kwenye safu ya njano tu. Kisanduku chochote kikitokea, bonyeza kitufe cha kumaliza uendelee na kazi. Usizime kompyuta kamwe, zima kioo peke yake. Amri ya tatu aliiweka kwa sababu faili lilidai neno la siri kila lilipofunguliwa upya, na hakutaka kusumbuliwa asubuhi.

Ikafika Jumanne moja. Fundi wa maabara, mtu wa maneno mengi na mikono myepesi, alikuja kuingiza majibu kama kawaida. Damu ya mzee mmoja ilikuwa imeganda ndani ya chupa kabla ya kupimwa, kwa hiyo hakukuwa na namba. Fundi akaandika "imeganda" kwenye safu ya njano. Angeandika wapi pengine, na karatasi imesema safu ya njano tu? Makro ikaamka, ikaziba masikio, ikajaribu kulisoma neno lile kama namba, ikajikwaa. Kikatokea kisanduku chenye maneno ya Kiingereza. Fundi akainua macho ukutani, akasoma amri ya pili, akabonyeza kitufe cha kumaliza. Kisanduku kikaondoka. Akaendelea na majina mengine huku akipiga mluzi, na jioni muuguzi akazima kioo peke yake, kama alivyoamriwa. Laiti kompyuta ingezimwa jioni ile na kuwashwa asubuhi, masikio yangezibuka yenyewe.

Jumanne hiyo orodha ya kupigiwa simu ilikuwa tupu. Jumatano tupu.

Alhamisi dada akaja kutoa damu. Wiki iliyotangulia alikuwa amepewa vidonge vya kifua sehemu nyingine, na vidonge vile vilipochanganyika na dawa yake viliifanya damu iwe nyepesi kupita kiasi. Yeye hakujua. Alimsalimia muuguzi, akamwuliza hali ya wanawe, akakunja mkono wa gauni aliloshona mwenyewe. Namba ilitoka saba nukta nane. Fundi wa maabara akaiandika mahali pake, kati ya mbili nukta tisa ya mtu mmoja na tatu nukta moja ya mwingine. Zamani angeshtuka. Siku hizi kushtuka ilikuwa kazi ya jedwali.

Ijumaa muuguzi alikwenda ofisi ya kumbukumbu. Walikuwapo makarani wengine wawili.

"Kaka, ile orodha ya simu iko tupu tangu Jumanne."

"Si jambo la kushukuru? Watu wanakunywa dawa zao vizuri."

"Siku nne nzima, hata mmoja? Haijawahi kutokea."

Profesa akaweka kalamu chini. "Sista, hebu nikumbushe. Wewe umesomea nini?"

"Uuguzi."

"Basi."

Makarani wale wakacheka. Natamani ningeweza kuwaambia kwamba muuguzi alisimama imara akadai jibu. Hakusimama. Uso ulimwiva kwa aibu, akarudi chumbani kwake akapanga sindano zake, na orodha ikabaki tupu.

Jumamosi asubuhi, kliniki ikiwa imefungwa mpaka Jumatatu, dada alipopiga mswaki fizi zilimtoka damu, na haikukatika upesi. Wakati wa chai alimwuliza mdogo wake majibu yake yamekaaje.

"Dada, ungekuwa na tatizo ungepigiwa simu," Profesa akamjibu, bila kuinua macho kwenye kikombe.

Dada akaridhika. Zaidi ya kuridhika, alifurahi. Alimweleza tena wifi yake, kwa mara ya kumi, kwamba jedwali lile lote alilitengeneza mdogo wake kwa mikono yake, na kwamba madaktari wenyewe wanalitegemea.

Jumapili mke aliona alama kwenye mkono wa wifi yake, kubwa kama kiganja, nyeusi kama bilinganya. Dada alisema amejigonga kidogo tu kwenye meza ya cherehani. Mke alimfuata mumewe jikoni, akafunga mlango, akamwambia kesho aende akaitazame namba ile kwa macho yake.

"Nilikaa miezi mitano nikitengeneza kitu ili watu wasiangalie kwa macho," Profesa akasema. "Leo nianze mimi?"

"Mimi sikuulizi habari za kitu chako. Nakuuliza habari za dada yako."

Akaahidi ataangalia Jumatatu. Na Jumatatu alifika kazini mapema, akiwa na nia hiyo kweli. Lakini mlango wa muuguzi ulikuwa wazi, na muuguzi mwenyewe alikuwa ameketi pale mbele ya kompyuta. Kuingia na kuanza kukagua mstari kwa mstari, siku tatu tu baada ya maneno yale ya Ijumaa, kungekuwa ni kuyala matapishi yake mbele ya mtu ambaye yeye mwenyewe alimdhihaki. Akajiambia atapita muuguzi akienda kunywa chai. Muuguzi alipokwenda kunywa chai, yeye alikuwa na ripoti. Jioni akapita tena mlango uleule, akaenda zake. Kutoka ukumbini mpaka kwenye kiti kile ni hatua nane. Nazijua kwa sababu baadaye alizihesabu, na akawa anazihesabu kila siku.

Nyumbani mke alimwuliza. Akasema dada yuko sawa. Hakuwa ameona kitu, lakini alisema yuko sawa.

Jumanne asubuhi dada aliamka na kichwa kizito. Alisema mwanga wa dirisha unamchoma macho. Hata hivyo aliketi kwenye cherehani, kwa kuwa sare zilikuwa zikisubiriwa, akashona mkono mmoja wa shati, kisha akakilaza kichwa juu ya kitambaa. Mke alimwita mara tatu. Mara ya tatu dada alijibu kwa maneno yasiyoeleweka, na upande mmoja wa mdomo wake ulikuwa umelegea.

Simu ilimfikia Profesa saa nne. Hakukimbilia nyumbani. Alikwenda kwenye chumba cha muuguzi, akamwomba ampishe kiti, akashuka na mistari mpaka Alhamisi. Jina la dada yake lilikuwapo. Saba nukta nane. Mstari wenyewe ulikuwa mweupe kama mingine yote.

Muuguzi alikuwa amesimama nyuma yake akiona anachokiona. Profesa aliinuka akatoka, na wanasema alisahau koti lake kwenye kiti, na mlango akauacha wazi.

Hospitali kubwa walimkuta daktari wa zamu, kijana mwenye haraka. Baada ya picha ya kichwa alitoka akawaambia damu inavuja ndani ya ubongo.

"Namba yake ya mwisho ilikuwa ngapi?"

"Saba nukta nane," Profesa akasema.

"Ilipimwa lini?"

"Alhamisi."

Daktari akaacha kuandika. "Alhamisi hii iliyopita? Na mgonjwa aliambiwa na nani?"

Profesa akageuka kwa mkewe. Mkewe alikuwa pembeni yake, ameshika viatu vya wifi yake, na ndipo hapo alipoelewa kwamba mumewe hakuwa ameangalia Jumatatu. Alimtazama tu. Profesa angependa apigwe kuliko kutazamwa vile.

Dada alifariki Jumatano, jua likiwa limeshachomoza. Mdogo wake alikuwa ameushika mkono wake wenye sugu za sindano, akimwomba msamaha kwa sauti, na sidhani kama alisikiwa. Nalisema hili wazi: moyo wa mtu yule ulivunjika siku ile, na haujaunganika mpaka leo ninapozungumza nanyi.

Nisimsahau muuguzi. Jumanne ileile, Profesa alipotoka, muuguzi aliketi, akaanzia Jumanne iliyotangulia, akapitisha kidole kwenye kioo, mstari kwa mstari, kama enzi za daftari. Alipata watu wengine kumi ambao namba zao zilikuwa mbaya na hakuna aliyewaambia. Aliwapigia wote. Wawili hawakupatikana kwa simu, akaenda kuwagongea nyumbani kwao. Wote kumi aliwakuta hai. Fundi wa maabara alikuja kumsaidia, na alipoliona neno lake "imeganda" pale kwenye safu ya njano, akakumbuka kile kisanduku. Alikaa chini akafunika uso.

Baada ya mazishi daktari mkuu wa kliniki aliwaita wote. Profesa alieleza mwenyewe bila kumtupia mtu lawama. Alieleza njia ya dharura ambayo hakuiweka, amri zake tatu, na maneno aliyomwambia muuguzi mbele za watu. Kisha akasema yuko tayari kuondoka.

"Ningependa uondoke leo," daktari mkuu akamwambia. "Siwezi kukuruhusu. Ukitoka kwenye mlango huo, hakuna hata mmoja wetu anayeweza kulifungua faili lako. Ona ulivyotufunga. Utakaa hapa mpaka watu wawili wajue kila unachokijua, ndipo tuzungumze."

Profesa aliomba karatasi, akaandika neno la siri, akampa muuguzi.

Wakaanza siku ileile. Muuguzi kwenye kiti, fundi wa maabara upande mmoja, Profesa upande wa pili akiwa amesimama. Aliwaonyesha kila mstari wa makro na kueleza unafanya nini na unaweza kujikwaa wapi. Waliweka njia ya dharura. Safu ya njano ikawekewa kizuizi, ukiandika neno badala ya namba inakataa na kukuambia kwa Kiswahili andika maelezo safu ya pembeni. Juu ya ukurasa wakaweka seli moja inayosema makro inasikia au haisikii. Amri tatu zikabanduliwa ukutani, na kompyuta ikawa inazimwa kila jioni.

Wazo la mwisho lilikuwa la muuguzi. Alisema haitoshi makro kuamka namba inapoandikwa, kwa maana ikisinzia mara moja tu, waliopita wamepita. Iwe pia inaamka faili linapofunguliwa asubuhi, ipitie majina yote upya, na kila mwenye namba mbaya ambaye hajajaziwa tarehe ya kuarifiwa aingie kwenye orodha. Profesa alimwambia ni wazo ambalo yeye mwenyewe alipaswa kuwa nalo tangu mwanzo. Muuguzi akaiandika sehemu hiyo kwa vidole vyake, polepole, akikosea na kurekebisha, na ilichukua siku tatu.

Asubuhi ya kwanza walifungua faili pamoja. Makro ikaamka, ikapita majina yote, ikaleta orodha yenye jina moja.

Lilikuwa jina la dada. Saba nukta nane, na namba ya simu ya nyumbani.

Wala haikuwa kosa. Wale kumi walikuwa wamejaziwa tarehe walizoarifiwa. Yeye hakuwahi kuarifiwa, na jedwali lilikuwa linasema kweli. Muuguzi akaufunga ukurasa. Siku ya pili jina lilikuja tena, juu kabisa. Siku ya tatu vilevile, na chini yake wengine wawili. Muuguzi aliwapigia hao wawili, la juu akaliruka, na Profesa aliyekuwa amesimama nyuma yake alimwona akiliruka.

Siku ya nne muuguzi aligeuka. "Kaka, jina la dada limetokea tena. Niliondoe mimi?"

"Utaliondoaje?"

Muuguzi alikuwa ameshajua. Ili jina litoke, ni lazima ijazwe tarehe aliyoarifiwa.

"Tarehe hiyo haipo," Profesa akasema. "Tusiandike uongo humu."

Akaomba kiti. Akaongeza safu mpya, akaiita Hali, na kwenye makro akaandika agizo kwamba mwenye neno fulani katika safu hiyo asipigiwe tena simu. Alimweleza muuguzi kila herufi huku akiandika, sauti yake ikiwa ya kawaida kabisa. Kisha akarudi kwenye mstari wa dada yake, akaandika "Amefariki," akabonyeza kitufe cha kuingiza.

Makro ilisikia. Jina likatoka kwenye orodha, na aliyekuwa wa pili akapanda juu. Alikuwa mama wa makamo, namba yake nne nukta sita. Muuguzi alimtazama Profesa, akamwona anashindwa kuinuka kwenye kile kiti, basi akainamia meza hapohapo, akavuta simu, akampigia yule mama.

FUNZO

Mtu asinielewe vibaya akaenda kuichoma kompyuta ya ofisini kwake. Jedwali halikumwua yule dada. Makro ilifanya kama ilivyoandikwa, na ilipoanguka, ilianguka mahali ambapo mwenye kuiandika alijua inaweza kuanguka.

Kilichoua ni uchoyo wa ujuzi. Mnaojua kitu ambacho wengine wanakitegemea, kukificha hakuwalindi. Siku kitakapoharibika mtakuwa peke yenu nacho, na atakayeumia huenda yuko chini ya paa lenu. Wafundisheni wenzenu, na mkiulizwa swali lililo rahisi, lijibuni bila dharau. Muuguzi yule hakujua makro ni nini, lakini alijua siku nne bila mgonjwa hata mmoja si jambo la kawaida, na kujua huko kungetosha.

Nanyi mnaotumia vitu vilivyotengenezwa na wengine, ukimya wa mashine usiwapumbaze. Mashine ikinyamaza, inaweza kuwa inasema hakuna tatizo, au inaweza kuwa haisikii kabisa, na kwa kuitazama tu huwezi kutofautisha. Ulizeni. Mkichekwa, ulizeni tena siku hiyohiyo, na mkichekwa tena, pitisheni kidole wenyewe mstari kwa mstari.

Na mtu wa nyumbani kwako akikuuliza kama yuko salama, usimjibu kwa kukisia. Inuka ukaangalie. Kwa Profesa zilikuwa hatua nane, na mpaka leo, kila asubuhi akiingia kazini, anazitembea zote.